Tomoe Kuwabara, Aliyeyapungia Mabasi ya Yunokubo

Kwa ruhusa ya mtawa wa hekalu letu, Mheshimiwa Gensho, na kwa niaba ya ukoo wa Kuwabara na ukoo wa Hoshikawa, nasimama mbele yenu mimi, Sumie Hoshikawa, mdogo wake marehemu, mwenye umri wa miaka themanini, kuwasomea maisha ya dada yangu kabla hatujamsindikiza. Aliyepaswa kusoma ni binti yake, Satsuki, aliyekaa pale mbele, lakini ameniomba nisome badala yake, nami nimefanya kazi na marehemu katika nyumba hii ya wageni kwa miaka zaidi ya sitini, tukigombana karibu kila siku, kwa hiyo nadhani ninayajua ya kutosha. Nikikwama mtanivumilia, na nikisema la kumuudhi, basi ni yeye atakayenikasirikia, na hilo nimelizoea.

Marehemu Tomoe alizaliwa tarehe 3 Februari 1938, katika kijiji cha Ochiai, chini ya bonde hili, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tokuzo Hoshikawa, mchoma mkaa, na mama Ine, na mimi nikamfuata miaka sita baadaye. Alianza shule ya msingi hapo Ochiai mwezi Aprili 1944, wakati wa vita, mwaka ambao watoto wa Tokyo waliletwa huku milimani kukimbia mabomu na kulazwa katika nyumba za wageni za Yunokubo, na dada alikuwa akisema kwamba hao ndio wageni wa kwanza aliowaona maishani mwake, watoto wa umri wake waliopangwa mistari na kulia kila Jumapili wakiwaita mama zao. Alimaliza shule ya kati tarehe 20 Machi 1953. Mwaka mmoja kabla ya hapo shule iliwapeleka Tokyo kwa treni, siku mbili, kila mwanafunzi na mchele wake kwenye mfuko wa kitambaa, maana wakati ule hakuna aliyelala ugenini bila kubeba mchele wake mwenyewe, na Tomoe alirudi akamwambia mama kwamba Tokyo ni kubwa lakini mchele wao waliupika ukaungua. Alitamani kuendelea na masomo, baba hakuwa na uwezo, basi akatafutiwa kazi.

Tarehe 1 Aprili 1953, akiwa na miaka kumi na mitano, aliingia nyumba ya wageni ya Kuwabara, yaani nyumba hii tuliyoketi ndani yake, kama mtumishi wa vyumba chini ya mama mwenye nyumba wa wakati ule, marehemu Mama Hatsu. Wageni walikuwa wachache, wengi ni wakulima waliokuja baada ya mavuno kulaza migongo yao katika maji moto ya chemchemi zetu kwa wiki mbili, wakibeba masufuria yao na maboga yao, wakijipikia wenyewe jikoni kwetu, na siku ya kuondoka walipanda gari la mbao la kijiji wakiwa wamelegea kama viazi vilivyochemshwa. Hapo ndipo Tomoe alipofundishwa kazi iliyomtambulisha maisha yake yote. Mama Hatsu aliwapanga watumishi mlangoni, wote wakapunga mkono, na gari lilipofika nusu ya njia Tomoe akashusha mkono wake.

"Wewe mtoto, mbona umeshusha?" 

"Gari limeshaondoka, mama."

"Limeondoka wapi? Mimi nina macho ya kizee na bado naliona. Pandisha!"

Wengi wenu hapa mlifanya kazi katika nyumba hii, mnaijua ile kona ya chini penye mti wa cheri na sanamu ya Jizo, mlinzi wa wasafiri, mita mia nne kutoka mlangoni, na sheria ya nyumba mnaijua, kwamba mkono haushuki mpaka mgeni apite kona, kunyeshe mvua, idondoke theluji, liwake jua. Mama Hatsu alisema mgeni akigeuka nyuma na kukuona umempa kisogo, atajua kwamba tabasamu la jana lilikuwa la kazi tu. Dada alilichukua neno hilo akalifanya dini, na Mheshimiwa Gensho anisamehe.

Tarehe 8 Oktoba 1961 marehemu alifunga ndoa na Eikichi Kuwabara, mwana pekee wa nyumba hii, jambo lililowashangaza wengi, maana alikuwa mtumishi, na Mama Hatsu hakumsemesha mkwewe kwa miezi mitatu isipokuwa kumwambia apandishe mkono. Miaka ile ndiyo maharusi wa mjini walianza kuja huku kwa fungate, wanaume wamevaa suti, wanawake wamevaa kofia na glovu, wanaona haya hata kuomba chai, na fungate ya dada na shemeji yangu ilikuwa kutandika magodoro ya fungate za wengine. Nami nililetwa nyumba hii nikiwa na miaka kumi na saba, kusaidia msimu mmoja tu. Sikuolewa, sikutoka, na sijutii.

Tarehe 14 Mei 1966 Mungu wa mlima akawapa mtoto wao wa pekee, Satsuki, mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda ya zamani, na wazee mnakumbuka jinsi watu mwaka ule walivyoogopa kuzaa binti, wakisema atakuwa jeuri na atamla mumewe. Shangazi mmoja alikuja kumtazama mtoto, akasema, "Jamani, si mngengoja tu mpaka mwakani!" Tomoe akamjibu, akiwa bado kitandani, "Shangazi, mtoto si basi lenye saa yake ya kufika." Satsuki alikua mlangoni, mgongoni mwa mama yake, na alijua kupunga mkono kabla hajajua kutembea.

Baada ya hapo yakaja mabasi. Vijana waliopo hapa hawawezi kuamini nikiwaambia kwamba kuanzia ule mwaka wa maonyesho makubwa ya Osaka, 1970, nchi nzima ilishikwa na hamu ya safari, na kila kiwanda, kila benki, kila chama cha wakulima kilipakia watu wake wote kwenye mabasi mara moja kwa mwaka na kuwaleta kulowa na kunywa. Shemeji alijenga jengo jipya mwaka 1972, na ukumbi huu tuliomo, ambao leo tumeujaza robo tu, uliketisha watu mia mbili, wote wamevaa kimono za pamba za aina moja, mkurugenzi na mfagizi hawatofautiki, wakiimba mpaka sauti zikakauka. Jina la kila kundi liliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi mlangoni, na Jumapili moja ya Oktoba tulikuwa na mbao kumi na moja. Dada alisimama kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano akipungia basi moja baada ya jingine, na mwaka 1978 nililikimbilia basi la kiwanda cha pampu mpaka kwa Jizo, mkononi nimeshika meno ya bandia ya mkuu wa idara, aliyoyasahau bafuni, na dada huku nyuma mkono uko juu, anacheka mpaka machozi. Ilikuwa miaka ya furaha, nasema kweli, na pia ilikuwa miaka ya wanaume walevi kuvuta mikono ya watumishi, na hilo nalo nalisema, kwa sababu dada aliwatoa wawili nje kwa kola za nguo zao, na kampuni yao haikurudi.

Kisha wageni wetu wakaanza kusafiri nje ya nchi, kwanza matajiri, halafu wasichana wa maofisini, halafu kila mtu, na mezani tukawa tunasikia habari za Hawaii tu. Mwezi Februari 1987 chama cha wenye nyumba za wageni cha Yunokubo kikatupeleka na sisi, wanawake ishirini na wanane nyuma ya bendera moja ya njano, siku nne, visiwa viwili, picha mia moja. Asubuhi ya kuondoka hotelini Tomoe alikaa dirishani, basi likatoka, akageuka nyuma kutazama, na mlangoni hapakuwa na mtu yeyote. Akanishika mkono. "Sumie, wametupa kisogo!" Nikamwambia ndiyo desturi yao, hawana ubaya. Kwenye ndege akasema, "Ndiyo hivyo basi, mtu anayeondoka bila kupungiwa anajiona kama ametupwa." Naomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Shemeji Eikichi alifariki kwa kiharusi tarehe 9 Januari 1993, na tangu hapo dada aliongoza nyumba peke yake, wakati mbaya kuliko yote, kwa sababu uchumi ulikuwa umeporomoka, makampuni yalikata safari, na vijana wa maofisini walikuwa wameanza kusema kwamba hawataki kuoga na bosi wao. Mbao za mlangoni zikawa tano, zikawa mbili. Satsuki alikuwa amesoma Kiingereza, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kila siku alimwambia mama yake kwamba tufungue mlango kwa watu wanaokuja mmoja mmoja, wawili wawili, na kwa wageni wa kutoka nje wenye mabegi mgongoni, na kila siku jibu lilikuwa moja.

"Watu wasio na basi nitawapungia nini?"

Tarehe 22 Novemba 1997 Satsuki aliwapokea vijana wawili wa Denmaki, mume na mke, bila kumwambia mama yake, akawapa chumba cha mwisho cha jengo la zamani. Siku hiyo hiyo tulikuwa na kundi la kina mama wakulima ishirini waliotoka kumzika mwenyekiti wao wiki mbili kabla, na walikuja kupumzisha mioyo yao. Satsuki, aliyerekebisha kola za wageni tangu akiwa na miaka mitano, siku hiyo kwa haraka na kwa woga alisahau kuwaonyesha wale vijana jinsi ya kuvaa kimono, nao wakavaa upande wa kulia juu ya wa kushoto, kama tunavyowavika maiti, wakatoka wakitabasamu, wakapita katikati ya wafiwa waliokuwa wakielekea kula. Mama mmoja alipiga kelele. Wengine walilia. Dada alipiga magoti akaweka paji la uso sakafuni mbele ya wale kina mama, akakaa hivyo muda mrefu, na aliponyanyuka nikajua kwamba kuna kitu kimevunjika.

Jikoni nilikuwepo, kwa hiyo hili sikuhadithiwa.

"Umewavika watu sanda ukawapitisha mbele ya wafiwa."

"Nilisahau, mama. Mara moja tu maishani mwangu."

"Watu wasio na kiongozi, wasio na jina ubaoni, nani anawajua? Wametuaibisha."

"Mimi ndiye niliyekuaibisha, si wao. Na hao ndio watakaokuja, mama, utake usitake. Hawa wa mabasi wanazeeka, wanakwisha."

"Basi nenda nao."

Kesho yake, saa nne asubuhi, Satsuki aliondoka kwa miguu na begi moja. Nilikuwa dirisha la ghorofani. Mtu anayetembea hafiki kwenye kona upesi kama basi, anachukua dakika sita, saba, na katika dakika hizo Satsuki aligeuka nyuma mara tatu, na mara zote tatu mlango ulikuwa mtupu. Dada alikuwa ndani anakunja shuka moja, anaikunjua, anaikunja tena. Alikuwa amewapungia mkono maelfu ya watu asiowajua majina, walevi, wakorofi, hata wale walioiba taulo, na mtoto wake wa pekee hakumpungia. Nami pia sikushuka. Nilijiambia kwamba si kazi yangu kuingilia kati ya mama na mwana, nikabaki dirishani kama sanamu, na hili sijamwambia mtu kwa miaka ishirini na saba, Satsuki, nakuambia leo mbele ya watu wote, mama yako mdogo alikuona unageuka na hakutoka, nisamehe.

Satsuki alikwenda Kyoto, akafanya kazi katika nyumba ndogo ya wageni wa kutoka nje, baadaye akaiongoza mwenyewe, na kila Januari ilikuja kadi yake ya mwaka mpya yenye mistari miwili, na kila Januari dada aliijibu kwa mistari miwili. Huku jengo jipya tulilifunga mwaka 2001, tukabakiza ukumbi huu tu. Nyumba za jirani zilifungwa moja moja, mbili zikaanguka mapaa. Tarehe 18 Oktoba 2008 lilikuja basi letu la mwisho, wastaafu kumi na wanne katika basi la watu arobaini na tano, wamekaa mbalimbali ili lisionekane tupu, na dada aliwapungia, basi likapita kwa Jizo, na yeye akabaki pale mkono juu, mpaka nikaenda kumshika bega.

Sasa naomba niwasimulie habari ya mama Mreno. Tarehe 11 Februari 2013, theluji imefika magotini, alifika mlangoni mwanamke wa makamo kutoka Ureno, muuguzi mstaafu, peke yake, kwa miguu, nyusi zimeganda, anaonyesha karatasi yenye jina la nyumba ambayo ilishafungwa miaka minne kabla ya hapo. Dada alimtazama. Mimi nikajua atamwelekeza kituo cha basi. Akasema, "Sumie, washa jiko la chumba cha mbele," akamvua yule mama viatu kwa mikono yake, na baada ya kuoga akamvalisha kimono yeye mwenyewe, kushoto juu ya kulia, akaipapasa kola mara mbili. Asubuhi theluji ilikuwa imekoma, yule mama akaondoka kama alivyokuja, kwa miguu, na dada akasimama mlangoni. Yule Mreno aligeuka nyuma baada ya hatua kumi, akapunga mkono. Akaenda, akageuka tena. Kila akigeuka anamkuta dada, anapiga kelele ya furaha, anapunga kwa mikono miwili, na dada naye hawezi kushusha, na ile theluji inamchelewesha, ikachukua dakika kumi na tano nzima. Nilitaka kucheka. Aliporudi ndani akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kwa miaka kumi na mitano.

"Satsuki aligeuka mara ngapi?"

"Mara tatu, dada."

Alikwenda jikoni akakata figili, na zilikatwa vibaya, nilizitupa.

Nilimwambia ampigie simu. Alisema si neno la kusema kwenye simu. Nikamwambia aende Kyoto, kuna treni ya kasi, watu wazima wanapanda. Akasema, "Nikifika huko, mimi ndiye mgeni, yeye ndiye atakayenisindikiza. Itasaidia nini?" Mnaona ukaidi wake? Alikuwa mkaidi, na mtoto alimrithi, na mimi katikati yao nilichoka. Lakini tangu siku ile mlango ulifunguka, vyumba tisa tu, na watu wakaja kama Satsuki alivyosema, kutoka Taiwani, Ufaransa, Brazili, mmoja mmoja, wawili wawili, wengine kwa baiskeli, wanasema na simu na simu inatutafsiria sisi, na katika kila chumba dada alitundika mchoro wa kola aliouchora mwenyewe kwa brashi, na hakuna mgeni aliyetoka tena amevaa vibaya. Huko Kyoto nako wageni walizidi, Satsuki aliniandikia kwamba wazee wa mtaa wake hawapati nafasi kwenye basi la kwenda hospitali, na nilipomsomea dada barua hiyo alisema, "Huko wamejaa, hapa nyumba zinaanguka, hii nchi haijui kugawa."

Mwezi Aprili 2020 ugonjwa wa dunia nzima uliufunga mlango wetu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumsindikiza, ila saa nne ilipofika dada alivaa kimono yake ya kazi akatoka mlangoni, na bwana Hamade wa posta, aliyeketi pale nyuma, alipata taabu, maana alipungiwa mkono mpaka kwenye kona kila siku kwa miaka miwili. Bwana Hamade alisema anaona haya. Mwishowe akawa anageuka.

Kuhusu ugonjwa wa marehemu. Mwezi Mei mwaka huu alianza kulalamika tumbo, tarehe 17 Juni akapimwa katika hospitali ya mjini, ikaonekana saratani ya kongosho, imeshaenea, na akaomba kurudi nyumbani. Tarehe 30 Oktoba nilimpigia Satsuki bila ruhusa. Sikumwambia njoo. Nilimwambia, "Mama yako aliniuliza uligeuka mara ngapi." Upande wa pili nikasikia mtu anapenga makamasi, akaniuliza, "Aliuliza lini?" Nikamwambia miaka kumi na moja iliyopita. Akasema, "Mama mdogo, nyinyi nyote wawili ni wajinga," na alisema kweli.

Alifika Jumamosi, tarehe 2 Novemba. Walikaa siku sita. Sikusikia wakizungumza habari ya mwaka 1997 hata mara moja, walizungumza habari za magodoro, supu, wageni wasioelewa mabafu, Satsuki akimsimulia ya Kyoto na dada akimrekebisha. Alhamisi Satsuki alisema ataghairi wageni wake tisa wanaofika kesho. Dada akakasirika, na alikuwa hana hata nguvu za kukaa.

"Wageni hawaachwi mlangoni. Nenda uwapokee, ndipo urudi."

"Nitarudi Jumatatu. Utaningoja?"

"Nina pa kwenda?"

Ijumaa, tarehe 8 Novemba, saa nne kasoro, aliniambia nimvalishe kimono ya kazi. Dokta Yanase na muuguzi wake walikuwepo, walikataa, halafu walipomtazama usoni wakaacha kukataa, wakambeba wenyewe kwenye kiti mpaka mlangoni. Teksi ilikuwa imeshafika. Dada akaitazama.

"Hiyo ikungoje kule chini. Wewe nenda kwa miguu."

Satsuki alielewa. Aliinama mbele yake, akachukua begi, akaanza kutembea. Dada akanyanyua mkono, na mkono ule ulikuwa mfupa na ngozi, nikataka kuushikilia kwa chini, akanisukuma kwa kiwiko. Satsuki aligeuka. Mama yake alikuwepo. Akaenda, akageuka tena, yupo. Mara ya tatu alisimama pale penye bomba la maji, akaanza kulia kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na dada, ambaye kwa siku tatu alikuwa akinong'ona tu, akapiga ukelele niliousikia mimi na Dokta Yanase na labda bonde zima, "Tembea! Nipo!" Satsuki akatembea. Alipita kwenye kona, akapotea. Dada hakushusha. Tukahesabu pumzi zake, hakushusha, mpaka teksi iliposikika ikiondoka kule chini, ndipo mkono ukarudi mapajani mwake, akasema, "Haya, nirudisheni ndani." 

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na sita, mimi nikiwa kushoto kwake na Satsuki, aliyerudi Jumatatu kama alivyoahidi, akiwa kulia. Ameacha binti mmoja, mdogo mmoja, na nyumba yenye vyumba tisa ambayo hatima yake ni ya Satsuki kuamua, na leo asiulizwe. Satsuki mwenyewe ndiye aliyemvika. Aliweka kola ya kulia juu ya kushoto, kama inavyopasa kwa anayeondoka, akaipapasa mara mbili, na safari hii ilikuwa sawasawa.

Familia inamshukuru Dokta Yanase na muuguzi Bi. Tokie kwa kupanda mlima huu kila siku na kwa kukubali kuvunja amri yao wenyewe, inawashukuru majirani wa Yunokubo mliopika na kufagia majani, watumishi wa zamani mliotoka mbali, madereva wa mabasi mliostaafu ambao nawaona mmekaa safu ya nyuma na suti zenu, bwana Hamade, na wageni wa nchi nyingi walioleta salamu zao kwa maandishi tusiyoyajua.

Nimebakiwa na ombi moja. Gari la kumpeleka kwenye tanuri la kuchomea miili litaondoka saa nne. Najua desturi yetu, honi inapolia tunaunganisha viganja na kuinamisha vichwa, na kichwa kikishainama macho hayaoni anayeondoka. Nimezungumza na Mheshimiwa Gensho, nimezungumza na dereva, na dereva amekubali kwenda polepole kama mtu anayetembea. Leo msiiname. Simameni mlangoni, nyanyueni mikono, na asishushe mtu mpaka gari lipite kwa Jizo. Atakayeshusha mapema mimi nitamwona.

Satsuki, njoo usimame mbele, pale mahali pake.

Dada, nenda taratibu, utakapogeuka utatukuta, na baada ya kona upumzike, kazi yako umeimaliza vizuri. Tupo.